Swali Lililobaki Darasa la Tano

Usiku wa kuamkia leo niliota nimerudi darasa la tano. Sikuwa mtoto. Nilikuwa hivi hivi nilivyo, bibi wa miaka sabini na mbili mwenye goti bovu, nimebanwa kwenye dawati la mwisho kabisa. Hakuna aliyeshangaa. Kiranja aliita majina, akafika kwangu, "Sekela Mwakatobe," nikaitika, akaendelea.

Kisha akatoa ufunguo, akaanza kupita dawati kwa dawati akiwafungua watoto masikio. Ukutani pameandikwa FUNGUA MASIKIO, naye anafuata sheria. Anaingiza ufunguo, anazungusha mara mbili, anahamia kwa mwingine.

"La kushoto lina kutu, bibi," akaniambia.

"Limefungwa siku nyingi, mwanangu."

"Tulia, nitalipaka mafuta."

Akapaka taratibu, asiniumize. Mtoto mwema yule.

Mara anaingia Mwalimu Mwakalukwa, na lile koti lake lililotiwa kiraka kwenye kiwiko. Ukutani pameandikwa pia SHIKA ANACHOFUNDISHA MWALIMU. Basi mwalimu anatoa somo mfukoni na kulirusha. Watoto wa mbele wanadaka bila shida. Sisi wa nyuma tunafikiwa na vipande. Nilidaka kimoja. Kilikuwa kimeandikwa: sita gawanya kwa nusu ni kumi na mbili. Nikakigeuza huku na huku nione kwa nini. Nyuma hakikuwa na kitu.

"Mmeelewa?" mwalimu akauliza.

"Ndiyooo, mwalimu!"

Asubuhi za Tukuyu zina baridi, na ile ndiyo yetu ikatoka vinywani na mvuke. Akauliza tena, tukajibu tena. Mara ya tatu darasa lote lilikuwa ukungu mtupu, mwalimu haoni mtoto, mtoto hamwoni mwalimu. Na mimi nilikuwa nimetoa mvuke wangu kama wenzangu. Nikamsikia akipapasa ukuta kwa rula, akiutafuta mlango.

"Haya, kama mmeelewa," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye swali anifuate ofisini."

Hakuna aliyeinuka.

Hapo kitu kikanivuta khanga. Juu ya dawati langu amekaa mtoto mdogo kama kuku, peku, amevaa sare yangu ya zamani yenye kifungo kilichokatika.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi ni swali lako. Uliniacha hapa."

"Lini?"

"Jumanne."

"Mbona hujakua?"

"Sikui mpaka niulizwe. Wewe ndiye umezeeka." Likanitazama bila hasira. "Nipeleke ofisini. Kengele ikilia kabla hujaniuliza, nahamishwa. Wameshanipa nafasi kwenye dawati la Atupele."

Atupele ni mjukuu wangu ninayeishi naye. Yuko darasa la tano. Sikutaka kusikia zaidi. Nikaliweka swali mgongoni, nikalifunga kwa khanga.

"Sekela anaenda ofisini!" mmoja akapiga kelele ndani ya ukungu.

"Na uzee wote huo, anaenda kulambwa fimbo!"

"Bibi, vaa sketi mbili!"

Dawati nalo likanibana magoti. "Kaa," likaninong'oneza. "Nimekuficha vizuri muda wote huu, hajajua mtu."

"Umenificha vizuri kweli, asante," nikaliambia, maana ndivyo ilivyokuwa. "Sasa niachie."

Likaniachia.

Natoka mlangoni, niko shamba la chai nilikochuma miaka thelathini. Mwisho wa mstari wa michai ni kanisa. Ndani kuna harusi, na bibi harusi ni mimi wa miaka kumi na sita, nimeinamisha kichwa. Nilitaka kusimama nimwambie neno.

"Kengele," swali likanikumbusha mgongoni.

Kengele yenyewe, ile rimu ya gari iliyokuwa ikigongwa shuleni, ilikuwa imening'inia mlango wa nyuma wa kanisa ikitetemeka.

"Pita upesi, Sekela," ikasema kwa taabu. "Najizuia kulia kwa ajili yako, na sijazoea."

Nikapita. Niko ofisini. Mwalimu Mwakalukwa yuko peke yake. Mezani pana birika na vikombe viwili.

"Shikamoo, mwalimu. Naona una mgeni."

"Marahaba. Mgeni ni wewe. Kila siku nilichemsha ya watu wawili, nikangoja mpaka nilipohamishwa. Mbona hukuja?"

"Tulijua ofisini watu huchapwa."

"Fimbo ilikuwa ya mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa na birika."

Akanimiminia. Nikauliza. "Mwalimu, kitu ukikigawanya si kinapungua? Sita nikigawanya kwa nusu, kumi na mbili inatoka wapi?"

"Una chapati sita," akasema. "Kila mtoto unampa nusu. Watakula wangapi?"

Nikawaona wanangu na watoto wa jirani wamekaa mkekani, na mimi nakata.

"Kumi na wawili."

"Basi."

"Ni hivyo tu, mwalimu?"

"Ni hivyo tu."

Chai ilikuwa bado haijapoa.

"Kwa jambo hili niliacha shule," nikamwambia. "Niliona sina akili. Na nusu hizo nimezigawa maisha yangu yote."

"Najua, mama," akasema. "Kunywa chai."

Nikafungua khanga. Swali likashuka mgongoni limekuwa mtu mzima, refu kunizidi. Likatupa mkono wa kwaheri, likatoka nje. Hapo kengele ikalia kwa nguvu zake zote. Nikashika kikombe kwa mikono miwili, maana aliyekungoja miaka yote hiyo humwachii chai yake, nikaimaliza kwa mkupuo mmoja.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Atupele alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, anavaa soksi za shule.

"Atupele, mama, jana mwalimu alipowauliza mmeelewa, ulijibuje?"

"Ndiyo, bibi. Si ndivyo inavyojibiwa?"

"Na ulikuwa umeelewa?"

Akavuta soksi mpaka gotini.

"Leo akitoka darasani, mfuate. Atakufafanulia. Usiogope ofisi."

Badala ya kunijibu akaniinamia, akanitazama mdomoni. "Bibi, mbona leo unaongea kama huna meno?"

"Nimeungua ulimi."

Atupele akageuka, akatia mkono kwenye majivu ya mafiga. "Na nini?" akauliza. "Moto hatujawasha."