Kimerudi

Watu wanaodharau hadithi za anga na za majoka huwa nawaacha waseme, wakichoka nawauliza: ninyi mnatazama nini? Watanijibu wanatazama mambo ya kweli. Mume kamkuta mke na jirani, mjomba kaficha wosia, mama mkwe kanuna kutoka mwanzo mpaka mwisho. Haya. Mimi nampenda mwandishi anayeniambia kwamba katika dunia yake milango hufunguka kwa damu, halafu akakaa na sheria hiyo hiyo mpaka ukurasa wa mwisho, hata inapomtesa. Anayevunja sheria yake mwenyewe ili shujaa apone ni mwongo, na kitabu chake nakitumia kuzuia mlango wa karakana usijifunge.

Kwa hiyo nasikiliza. Ni tabia ya shabiki, na ni ya kazi pia. Mimi ni fundi wa friji. Nikiegemeza sikio kwenye kompresa najua kama inaumwa kweli au inadeka. Katika kundi letu la mashabiki kwenye simu wananiita Sayari, na ukweli ni kwamba jina hilo lilikuwa limenivimbisha kichwa.

Mchana ule nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya friji ya bucha, mikono imejaa mafuta, dada yangu akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kazini. Kuna nini?"

"Njoo studio. Njoo hivyo hivyo ulivyo."

Dada yangu hanipigii simu mchana. Na studio, kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, sikuwahi kuruhusiwa hata kupanda ngazi. Nikamwambia mwenye bucha narudi, akanikata jicho, nami nikaondoka na bisibisi ikiwa bado mfukoni.

Dada ni mfasiri. Studio yao inachukua vipindi vya nje na kuvitia sauti za lugha yetu, na yeye ndiye anayeandika maneno ambayo waigizaji watayasoma. Mwaka huu walikuwa na kipindi ninachokipenda kuliko vyote: meli ya anga imekwama kwenye sayari ya barafu, chakula kinapungua, na Nahodha anatoka peke yake na kigari kwenda kutafuta msaada. Kila Ijumaa tunakaa sebuleni watatu, mimi, dada na mama. Mama hafuati hadithi. Ananyonyoa nyuzi za mto wa kochi, anauliza kwa nini hao watu wasivae makoti mazito zaidi, na mwisho kabisa, maandishi yanapoanza kupanda, anavaa miwani na kusubiri jina la binti yake. Likipita anasema, "Lile pale," kisha anakwenda kulala.

Dada hajawahi kunidokezea kitu. Nami sijawahi kumwomba. Kuujua mwisho mapema kwangu ni wizi. Alikuwa hivyo hivyo tangu utotoni. Nilikuwa siijui lugha ya vile vitabu vyake vya wafalme na majini, kwa hiyo alinisomea akifasiri papo hapo, kitabu amekielekeza kwake, na akifika mahali joka limefungua kinywa anakifunga. Nikilia, hanipi kinachofuata. Ananipa neno moja tu. "Haya, la kutafuna: kisima." Nami nakesha nalo, nalitafuna mpaka kesho yake.

Sasa nieleze nilichofanya mimi, maana ndicho kilichotupeleka huko juu. Wiki ile niliandika kundini: "Nahodha si mtu. Aliyerudi kwenye meli ni mashine. Sibahatishi, nina uhakika, na msiniulize nimejuaje." Wakaniuliza, nikajitia kiburi, nikakaa kimya kama mganga. Maneno yangu yakatoka kundini yakaenda kundi jingine, yakavuka hata mipaka ya nchi. Na sehemu ya mwisho ilikuwa haijaonyeshwa popote.

Studio iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Ukumbi wake umepigiliwa magodoro ukutani ili kelele zisipenye, na juu ya mlango wa chumba cha kurekodia kuna taa nyekundu. Ikiwaka, hata kukohoa marufuku. Dada alikuwa amesimama chini ya taa hiyo. Macho yake yalikuwa makavu, lakini shingo ilikuwa imekakamaa.

"Wanasema nimekupa hadithi," akaninong'oneza. "Wenye kipindi wanataka jina la aliyeivujisha kabla ya jioni. Sikiliza. Ukiulizwa habari ya yule daktari wa meli, u..."

Taa ikawaka.

Tukabaki tunatazamana. Ndani mtu alikuwa anakufa kwa sauti kubwa, anakohoa, anakufa upya. Dada akafumba na kufungua mdomo mara mbili bila kutoa sauti, nami sikuelewa kitu. Roho ilinidunda hadi nikahofia itaharibu kazi ya watu. Kabla taa haijazimika, mlango wa pili ukafunguka na meneja akatuashiria tuingie.

Meneja alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililonitisha. Alinivutia kiti mwenyewe. Kando yake alikaa fundi sauti, mwanamke mmoja mwenye visikizi shingoni, ambaye hakuniangalia kabisa. Mezani kulikuwa na maneno yangu, yamechapishwa kwa herufi kubwa.

"Kaka, haya ni yako?"

"Ni yangu."

"Hapa umeandika hubahatishi."

"Ndiyo."

"Basi naomba nikuulize, ingawa umekataza kuulizwa. Umejuaje?"

Meneja akaendelea kwa upole ule ule. "Mwisho wa hadithi hii tunaujua wachache sana. Mimi, fundi sauti, waigizaji, na dada yako. Wote tumetia saini. Atakayeitoa nje anafukuzwa siku hiyo hiyo, na hakuna studio nyingine itakayomgusa. Sasa katika wote hao, mmoja tu ndiye anayelala nyumba moja na wewe."

"Hajaniambia hata neno moja."

"Kila ndugu angesema hivyo."

Nilimtazama dada. Alitikisa kichwa, kidogo mno. Anakataa nini? Nisiseme uongo? Nisiseme ukweli? Kudai nimebahatisha haikuwezekana, mdomo wangu mwenyewe ulishaifunga njia hiyo. Na ukweli ulikuwa na ncha mbili. Ungemtoa kwenye kosa la kuvujisha na kumweka kwenye kosa la kazi, yeye anayesahihisha hata vibao vya vyooni kwa kalamu yake. Lakini niliona kufukuzwa ni kubaya zaidi, nikapiga moyo konde.

"Ni ki," nikasema.

"Nini?"

"Ki. Kwenye ile sehemu Nahodha anaporudi. Daktari wa meli yuko peke yake dirishani, anaona kivuli kwenye theluji, anasema 'Kimerudi.' Nilisikia hapo."

Dada alifumba macho.

Fundi sauti akageukia kompyuta yake bila kuambiwa. Upepo ukavuma kwenye spika, kisha ile sauti nzito ya daktari: "Kimerudi." Akairudisha. "Kimerudi."

"Si anasema kigari?" meneja akauliza.

"Watu wote walidhani kigari. Lakini kigari kilizama sehemu iliyotangulia. Wanakionyesha kidogo tu, taa zake zinazimika chini ya barafu. Kule nje hakikubaki kitu cha kusemwa ki. Aliyerudi ni Nahodha, kwa miguu yake. Sasa mtu akirudi, daktari si atasema amerudi? Akisema kimerudi, basi anajua kilichorudi ni kitu."

Nilisikia feni ya kompyuta, kuna uchafu umeingia ndani.

Meneja akavuta maandishi ya lugha ya nje, akapekua, akaweka kidole. "Huku ameandikiwa neno moja tu," alisema taratibu. "Halina mwenyewe. Linaweza kuwa mtu, linaweza kuwa gari."

"Kwao linasimama peke yake," nikasema. "Kwetu huwezi. Lazima uweke a au uweke ki."

Akamgeukia dada. Sasa upole ulikuwa umepungua. "Ungeweza kukwepa. Ungeweza kuandika 'Hatimaye.' Ulikosea, au ulikusudia?"

Nilitamani kuyarudisha maneno yangu mdomoni. Ilikuwa wazi kwamba jibu moja lingembakiza na jingine lingemtoa, na dada yangu ni mtu asiyekubali kukosea hata kwenye hesabu ya vijiko. Alinitazama mimi, sio meneja.

"Nilikosea," akasema.

Meneja akashusha pumzi, nami nikashusha yangu. Akasema kosa si wizi. Atawaandikia wenye kipindi kwamba ilikuwa silabi moja na shabiki mwenye masikio marefu. Kazi ya dada ipo. Ila kuanzia sasa kila atakachoandika kitapitiwa na mtu mwingine kabla ya kurekodiwa, na kwa kuwa wenye kipindi lazima waone hatua imechukuliwa, jina lake litaondolewa kwenye sehemu ya mwisho.

"Sawa," dada akasema. Akachukua mkoba wake.

Tulishuka ngazi mpaka mlango wa duka la miwani. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Nisamehe, dada. Nimekuumbua kazini kwako. Lakini hata wewe, kosa dogo kama lile..."

Alisimama.

"Umenijua lini nikachanganya ki na a?"

Nikamwangalia.

"Nilikuwa nimeshaandika 'Amerudi,'" akasema. "Nikaifuta. Niliwaza watu wote watakaotazama, nikaona ni mmoja tu atakayesikia. Nikakuwekea. La kutafuna."

Watu walikuwa wanapita, mwingine akatuomba njia, tukasogea ukutani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia si ndiyo ningekuwa nimevujisha?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilitaka uisikie, unitazame pale kwenye kochi, ucheke peke yako. Basi. Siku ile nilikaa nakusubiri unitazame. Ukainama kwenye simu, unaandika."

Alinitengeneza kola, akaona mafuta, akajifuta kidole kwenye shati langu. "Rudi kwa mtu wa nyama," akasema. "Friji haitajiponya."

Nilirudi. Niliifungua ile kompresa nikaifunga bila kuona ninachofanya, nikaifungua tena. Mwenye bucha akaniangalia, akaniletea maji.

Ijumaa tulikaa watatu kama kawaida. Sikuishika simu, niliiacha jikoni, inatetemeka kwenye kabati kama mende amenaswa. Meli ikapata njia ya kutoka. Wote wakajua Nahodha ni nini, na wengine wakataka kumtupa nje. Mwishowe alitoa betri ya kifuani mwake mwenyewe ili injini iwake, akakaa sakafuni, akaegemea ukuta. Daktari akapiga magoti. Akamshika mkono wenye nyaya zinazoonekana. Nilijua kuwa katika lugha yao hapa pia kuna neno moja lisilo na mwenyewe, nikajikuta nimeshika ukingo wa kochi, nikingoja. Kimezima, kimekwisha, kimekufa: yote yangekuwa sahihi.

"Amefariki," daktari akasema.

Yalirekodiwa kabla ya yale yote. Hakuna aliyekuja kuyagusa. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Nikageuza kichwa nikamtazama dada, na yeye alikuwa ameshageuka, ananisubiri. Sijamwambia mtu yeyote kundini mpaka leo, na waliponiuliza nimeona nini niliwaambia nilisinzia.

Maandishi yakaanza kupanda. Mama akaacha nyuzi za mto, akavaa miwani, akasogea mbele mpaka magoti yake yakagusa meza. Majina yakapita, ya waigizaji, ya fundi sauti, ya meneja. Yakaisha. Likaja tangazo la sabuni, mama akalitazama lote, kisha akatugeukia.

"Mbona sijaliona?"

Dada aliinuka akaanza kukusanya vikombe. Mgongo wake ulikuwa umetuelekea, vikombe vinagongana.

"Wameyapitisha haraka leo," nikasema. "Lilikuwepo, mama. Mimi nimeliona."