Klarineti Kati ya Ghorofa ya Nne na ya Tano

Siku kaka yake alipomletea tarumbeta ya marehemu baba yao, Dada Lifti hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Nitafikiria." Kaka yake, ambaye masikio yake yalikwisha kuharibiwa na ngoma alizopiga tangu utotoni, akasikia ndiyo.

"Mwisho wa mwaka utasimama mbele ya bendi," akasema, huku akilaza kasha la tarumbeta juu ya kitanda cha dada yake bila kuuliza. "Bendi ya familia haiokoti mpulizaji barabarani. Mimi nina ngoma, binamu wana magitaa, wewe una pumzi. Yamekwisha."

Jina la Dada Lifti alipewa kazini. Jengo lilikuwa la ofisi, ghorofa tisa, na lifti yake ilikuwa ya zamani, ya kuendeshwa kwa mkono. Kwa miaka kumi na moja alikaa kwenye kigoda kirefu ndani ya sanduku lile la chuma, mkono wa kulia juu ya usukani wa shaba, akipandisha na kushusha wakubwa kwa wadogo. "Sita!" "Tisa!" "Chini, haraka!" Wengine hata salamu hawakuwa nayo. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na sita, aliishi na mama yake, na ukiyaangalia vizuri mambo yote makubwa ya maisha yake, kila moja lilitamkwa kwanza na mdomo wa mtu mwingine. Shule alichaguliwa na baba. Kazi alitafutiwa na mjomba. Sasa kaka naye alikuwa amemchagulia hata pa kupeleka pumzi zake.

Aliijaribu, huwezi kumlaumu. Kila jioni alikaa ukingoni mwa kitanda, akabana midomo na kupuliza hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Tarumbeta ilitoa sauti ya gurudumu la baiskeli linalotoka upepo. Midomo ilivimba mpaka wapanda lifti wakaanza kumuuliza kama ameumwa na nyuki. Lakini midomo haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa mama, aliyekaa kimya upande wa pili wa pazia ili asimvuruge, na ambaye siku ya nne alitokea ameshika koti jekundu la bendi, lile alilovaa marehemu, ameshalipunguza mikono.

"Hebu livae, mwanangu."

Lilimkaa barabara. Alipofunga kifungo cha juu alikifungua tena, ingawa vidole viwili vingepita bila taabu.

"Baba yako angefurahi," mama akasema, na machozi yakamlengalenga. Baada ya hapo ungemwambia nini?

Kwenye ghorofa ya saba ya jengo lile kulikuwa na fundi wa vyombo vya muziki vya kupuliza, mzee mwenye maneno mengi na chumba kidogo kilichojaa mabomba ya shaba. Dada Lifti alimpelekea tarumbeta akidai kwamba inavuja. Fundi akaikagua, akaipuliza mara moja, na sauti ikajaa chumba kizima.

"Ina kasoro ndogo tu, nitairekebisha. Lakini haivuji," akasema. "Wewe huipendi."

Dada Lifti akacheka, kisha akajikuta anafuta machozi kwa mkono wa sare. Fundi hakuuliza mengi. Alimwambia arudi wakati wa chakula cha mchana, ajaribu vingine, mradi afute mate akimaliza.

Akarudi. Siku ya kwanza alijaribu fluti, akaona nyota, ikabidi akalishwe kitini. Siku ya pili tromboni, ambayo bomba lake refu la kuvuta lilikwenda kugonga kabati na kuangusha kopo la gundi. Saksafoni ilimchekesha, ila ilimning'inia shingoni kama mtoto aliyekataa kushuka. Siku ya nne fundi akamkabidhi klarineti nyeusi iliyokwaruzika, akamwonyesha jinsi ya kulowesha kile kijiti bapa cha mwanzi kwa ulimi na mahali pa kuweka meno. Akapuliza. Ilitoka sauti nzito ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, na akaisikia ikimtetemesha kuanzia meno hadi kifuani.

"Hii," akasema.

"Bado kuna zumari hapa."

"Hapana, fundi. Hii."

Kwa miezi miwili alishinda njaa mchana ili apulize. Nyumbani alisema tarumbeta bado iko kwa fundi na kwamba anafanyia mazoezi huko huko; na kweli ilikuwa huko, ilishapona siku nyingi. Kila Jumapili kaka yake alimuuliza, "Vipi, inakwenda?" naye akajibu, "Inakwenda."

Ikafika Jumamosi moja. Ofisi zilifungwa saa saba, jengo likabaki na mlinzi mmoja tu pale chini. Dada Lifti alikuwa akimsubiri fundi tu, amshushe, naye aende zake. Mara kaka yake akaingia mlangoni, jasho likimtoka.

"Nimekuja kuichukua mwenyewe," akasema. "Huyo fundi wako ni mvivu."

Wakapanda. Ghorofa ya saba fundi alikuwa ameshatoka chumbani kwake, tarumbeta mkono mmoja na kasha la klarineti mkono mwingine, shavu limevimba kwa pamba. Asubuhi ile alikuwa ameng'olewa jino. Akaingia, akampa kaka mtu tarumbeta yake, na hata kwa pamba ile hakuweza kufunga mdomo.

"Dada yako ana kipaji," akasema kwa tabu. "Klarineti anaiweza kuliko wanaolipia masomo."

Kaka yake akageuka polepole. "Klarineti gani?"

Lifti ilikuwa ikishuka umeme ulipokatika; taa ikazimika, lifti ikashtuka, ikasimama. Kwa mwanga hafifu wa simu ya kaka, katika upenyo wa mlango waliona zege tupu: walikuwa katikati ya ghorofa ya tano na ya nne. Akabonyeza kengele ya hatari. Kimya. Mara tatu alikuwa amemwambia msimamizi wa jengo kwamba kengele imekufa. Simu nazo, ndani ya chuma kile, hazikushika mawimbi.

Dada Lifti alikuwa amezoea. Kaka yake sivyo. Jitu zima lile, lililowahi kutuliza ugomvi wa ukumbi mzima, lilianza kuhema na kupiga mlango kwa viganja. "Fungueni! Tuko humu!" Alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu, na hakuna aliyejibu.

"Mlinzi yuko nje uani," Dada Lifti akasema. "Kishindo hakimshtui. Anadhani ni mabomba ya maji."

"Basi ipulize tarumbeta! Fundi!"

Fundi akaonyesha shavu lake na kutikisa kichwa.

"Wewe basi! Miezi miwili umejifunza. Puliza!"

Akamsukumia ala kifuani. Dada Lifti akaitazama, kisha akaiweka mdomoni na kupuliza kwa nguvu zake zote, kwa sababu alitaka kaka yake aone kwa macho yake. Upepo mtupu ukatoka. Akairudisha.

"Siiwezi, kaka. Na hata ningeiweza, siitaki. Nilipaswa kukwambia siku ile ile ulipoileta. Niliogopa."

"Kuniogopa mimi?"

"Wewe, na Mama, na Baba aliye kaburini."

Hakusubiri jibu. Akachukua kasha la fundi, akapiga magoti, akaunganisha vipande vya klarineti kwa kupapasa katika mwanga ule hafifu. Akalowesha kijiti. Sauti ya kwanza ilikuwa mlio wa juu wa kutoboa masikio, fundi akaruka. Ya pili ikawa noti. Akaendelea na wimbo ambao baba yao alikuwa akifungulia kila sherehe, ule aliojifunza kwa kubahatisha, bila kumwambia mtu. Aliukosea katikati, akarudi nyuma, akaendelea. Chuma kikaubeba juu na chini ya shimo la lifti. Mlango haukupigwa tena.

Alipoupiga mara ya nne, wakasikia sauti ya mlinzi kutoka chini: "Nani kaacha redio? Jengo limefungwa!"

Hadi apatikane mtu wa kuzungusha gurudumu la mkono kule juu na kuishusha lifti, ilichukua zaidi ya nusu saa. Kaka yake alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Pale katikati umeuharibu," akasema hatimaye.

"Najua."

"Baba alikuwa anashusha sauti pale, hapandishi." Akaipangusa tarumbeta kwa shati. "Kwa hiyo umekata shauri."

"Nimekata. Mama nitamwambia mwenyewe, leo."

Mlango ulipofunguka, kaka yake alitoka na tarumbeta kwapani, akaenda zake bila kuaga.

Mama hakufoka. Alisikiliza hadi mwisho, akalikunja lile koti, akaenda kukaa mlangoni akiwapa mgongo watu wa ndani, na kwa siku kadhaa wakaongea ya chumvi na maji tu. Kaka yake alipata mpulizaji mwingine, kijana wa karakana ya magari, na kwa miezi mitano alipitisha salamu kwa mkewe badala ya kuzileta mwenyewe. Hayo yote yalimuuma Dada Lifti, na mara mbili alikaribia kwenda kuomba msamaha na kuichukua tarumbeta. Hakwenda.

Jumanne na Alhamisi jioni alianza kujiunga, na klarineti aliyoazimwa na fundi, na kundi dogo la muziki lililofanya mazoezi katika darasa la shule ya jirani: muuguzi, muuza nyama, na mwalimu mkali mwenye penseli sikioni. Jioni ya kwanza alianza kupuliza kabla ya zamu yake. Mwalimu akawasimamisha wote.

"Klarineti, unakimbilia wapi? Tena, tangu mwanzo."

Akajifuta kiganja kwenye sketi, akainua ala, na safari hii akahesabu mapigo.