Nukta Zilizolundikana Kwenye Lori

Mtambo mpya wa mawasiliano ulikuwa mzuri, sibishi. Kila askari wangu alifungwa redio ndogo kifuani, na Jenerali, akiwa hemani juu ya kilima, alimwona kila mmoja kama nukta kwenye skrini. Zamani amri zake zilipitia kwangu mimi, kapteni wao. Kwenye mazoezi ya juzi aliniruka, akawa anawasogeza vijana wangu kama kete za drafti.

"Wewe wa pembeni, kulia!" alifoka redioni.

Skrini ilimwonyesha majani mabichi. Huko kulia kulikuwa na tope. Kijana wangu akatii, akazama hadi kiunoni.

Tulipomaliza kumvuta, damu ilikuwa inanichemka. "Vueni redio zote," nikasema. "Ziacheni kwenye lori."

"Afande, tutafungwa," sajini akaninong'oneza.

"Nitafungwa mimi. Vueni!"

Lengo la mazoezi lilikuwa kukiteka kilima kilekile. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi tulimfuata hukohuko, kimyakimya, kwa ishara za mikono.

Tulipoingia hemani tukichuruzika tope, Jenerali alikuwa ametupa mgongo, anaifokea skrini: "Mbona mmelundikana? Sogeeni, wavivu nyie!"

"Hilo ni lori, afande," nikasema. "Na dereva wake ninaye hapa."

Akageuka, uso umemwiva. "Nitakushtaki!"

"Utanishtaki ukishaachiwa, afande. Kilima kimetekwa, na wewe ni mateka wetu. Mikono juu."