Mteja wa Kwanza wa Mtandaoni

Mama Mafuta alikuwa akivuta losheni kwa bomba la sindano kutoka kwenye chupa kubwa na kuijaza kwenye vichupa vya sampuli, kimoja baada ya kingine, bila kugonganisha kioo na kioo. Nyuma ya pazia, upande wa pili wa chumba hicho hicho, mumewe ndiyo kwanza alikuwa amelala. Mume alilinda ghala la vifaa vya ujenzi usiku, na ndoa yao ilikuwa imeshazoea zamu: mmoja akiamka, mwingine anajifunika.

Jina la Mama Mafuta alipewa na wateja. Aliuza mafuta ya kupaka, sabuni, shampuu na krimu za uso za kampuni isiyo na duka hata moja. Badala ya maduka, kampuni ilikuwa na watu kama yeye, walionunua mzigo kwa pesa yao wenyewe na kuutembeza nyumba kwa nyumba. Zamani alitembea kweli. Siku hizi goti la kulia lilivimba akipanda ngazi mbili tu, na maghorofa mapya ya mtaa wa juu yalikuwa na mageti na walinzi wanaosema "wachuuzi hawaruhusiwi" kabla hujafungua mdomo. Hakuwachukia. Mumewe naye alifundishwa kusema maneno hayo hayo.

Ndipo Dada Almasi alipoleta habari za tovuti. Hakuwa dada yake wa tumbo moja. Ndiye aliyemwingiza kwenye kampuni, akapanda vyeo hadi kile kinachoitwa Almasi, na kila Mama Mafuta aliponunua mzigo, Almasi alipata sehemu yake. Kwenye kikao cha timu alisimama mbele na kusema, "Muuzaji asiye na tovuti yake ni mchuuzi tu. Mteja wa leo hagongewi mlango. Anakutafuta yeye mwenyewe." Wanawake wakapiga makofi. Mama Mafuta alipiga makofi, kisha akachukua pesa aliyokuwa ameiweka ya daktari wa goti, akampelekea fundi wa tovuti.

Mumewe aliuliza mara moja tu.

"Hiyo tovuti inakula nini?"

"Haili kitu."

"Basi itakuwa ya kwanza humu ndani," akasema, akageukia ukutani.

Tovuti ilitoka nzuri. Pichani Mama Mafuta alikuwa amekaa kwenye kochi kando ya rafu ya bidhaa, ametabasamu, na chini yake kulikuwa na namba ya simu, ramani ya kufika na maneno *Karibu nyumbani, jaribu kabla ya kununua*. Kwenye picha ya asili mguu wa mumewe ulichomoza chini ya pazia. Fundi aliukata.

Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua kupitia huko. Walioifungua, kwa alivyojua, walikuwa yeye mwenyewe, Dada Almasi, na mdogo wake anayeishi mbali, ambaye alimwandikia: "Umependeza." Wateja waliobaki ni wale wale wa siku zote: mshonaji wa nyumba ya pili, mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara, na wanawake watatu wa saluni. Hao hawakuhitaji tovuti. Waliita tu dirishani.

Asubuhi hiyo simu ililia mlio ambao hakuwahi kuusikia. Alifuta mikono kwenye kanga, akaangalia. Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye tovuti.

*Habari. Nimeona bidhaa zako. Unauzia hapo hapo nyumbani? Mzigo upo wa kutosha? Naweza kufika leo kabla ya mchana?*

Akausoma mpaka mwisho, akarudia. Kisha akajibu kwa vidole vyenye mafuta: *Karibu sana mpendwa mteja. Mzigo upo wa kutosha, karibu ujionee.*

Mzigo haukuwa wa kutosha. Kwa hiyo akatoa makasha matupu aliyoyahifadhi uvunguni, akayapanga nyuma ya yale yenye kitu, mpaka rafu ikajaa. Akafagia. Akafuta meza. Halafu akafungua pazia.

"Baba, amka. Kuna mteja anakuja."

"Mteja gani anayehitaji mimi niamke?"

"Wa kwenye mtandao."

Mume akakaa kitandani, macho mekundu. "Kweli?"

"Kweli. Ameandika yeye mwenyewe."

Akavaa shati, akachukua mto wake kwapani. "Nitajilaza kwa fundi viatu," alisema. Alipofika mlangoni akageuka kuitazama rafu. "Panafanana na duka," akasema, akaondoka.

Mteja alikuwa mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu safi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nje alibaki kijana mmoja mwenye mkokoteni, Mama Mafuta akadhani ni wa kubebea mzigo, moyo ukamruka. Akamkaribisha kwenye kochi. Akamimina losheni kiganjani mwake, akamsugulia mpaka kwenye vifundo vya vidole, kama anavyowasugulia wote.

"Ya mkeo au yako mwenyewe?" aliuliza.

Mwanaume akanusa mkono. "Inanukia vizuri." Kisha, kwa mkono huo huo unaong'aa, akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati na kuikunjua mezani. Ilikuwa picha ya Mama Mafuta mwenyewe, kwenye kochi lile lile, rafu ile ile.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umepigwa vizuri. Mimi natoka manispaa, mama. Kitengo cha leseni."

Mama Mafuta alifunga kifuniko cha chupa. Kilikaa upande, akakifungua, akakifunga tena.

"Leseni ya biashara iko wapi?"

"Mzee wangu, mimi nauzia majirani tu."

"Jirani haelekezwi kwa ramani. Wewe umeweka ramani."

"Na hao wanaotembeza barabarani, wote wana leseni?"

"Hao hatuwaoni," alisema yule bwana, bila hasira. "Wewe tumekuona."

Akaeleza taratibu, kama mtu aliyelieleza jambo hilo mpaka likamwishia ladha. Kuna faini. Baada ya faini kuna leseni. Na leseni ya kuuzia nyumbani inataka kizima moto, inataka mlango wa pili, inataka choo cha wateja.

"Choo cha wateja?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Choo hiki chenyewe tunatumia nyumba sita."

"Nimekuelewa, mama. Lakini sikuandika mimi." Akaitazama dari kidogo. "Ungekuwa na chochote mkononi tungeongea kibinadamu."

Mama Mafuta aliitazama mikono yake. Ilikuwa na losheni tu.

"Sina."

"Haya." Bwana leseni akamwita kijana wa mkokoteni. "Mzigo unakwenda stoo mpaka ulipe."

"Mengine ni matupu," Mama Mafuta alisema. "Makasha ya nyuma. Hayana kitu, nimeyapanga tu."

"Umeniandikia mwenyewe mzigo upo wa kutosha." Akamwonyesha simu yake. Ujumbe ulikuwepo, na lile *mpendwa mteja* lilikuwepo.

Hakulia. Hata baadaye alipojaribu kukumbuka alihisi nini, hakupata la kusema. Alikumbuka kwamba kijana alikuwa akirusha shampuu ovyo mkokotenini, naye akatoka na kamba, akazisimamisha chupa wima, akazifunga ili zisimwagike njiani. Kijana alimshukuru. Bwana leseni alivaa viatu vyake na kuaga vizuri.

Mumewe alirudi na mto kwapani. Alipoiona rafu tupu alisimama katikati ya mlango, uso wote ukakunjuka.

"Amenunua vyote?"

"Amechukua vyote."

"Vyote! Mama wewe, mimi nilikuwa nakucheka bure..." Kisha akamwona vizuri. Akashusha mto. "Ni nani?"

"Manispaa."

Mume alikaa kwenye kochi, palepale alipokaa mteja. Nje mtoto wa jirani alikuwa akiburuta kopo kwa kamba, likasikika mpaka likapotea konani.

"Mimi leo naingia zamu," akasema.

"Najua. Lala."

"Nilale?"

"Sasa utafanya nini?"

Akaenda nyuma ya pazia. Mama Mafuta akachukua mkoba.

Kwa Dada Almasi hapakuwa mbali, lakini goti lilifanya pawe mbali. Alikuwa na chumba cha ofisi chini ya jengo la benki, na ukutani picha ya gari ambalo kampuni iliwaahidi watu wa cheo chake. Alimsikiliza huku akijibu ujumbe wa watu wengine, halafu ghafla akaiweka simu chini.

"Ngoja. Kwenye tovuti uliandika jina la kampuni?"

"Si ulituambia tutengeneze?"

"Niliwaambia tovuti. Sikuwaambia jina la kampuni. Mkataba unakataza, mpenzi. Hukusoma?"

"Nikiuza mafuta ya kampuni niandike ya nani?"

"Andika habari zako. Safari yako. Watu hawanunui mafuta, wanakununua wewe."

Mama Mafuta alifikiria hilo. "Na mzigo? Kampuni haiwezi kunisaidia kuutoa? Hata barua tu, kwamba mimi ni mtu wao."

"Ukishanunua mzigo ni wako. Kampuni haimo hapo." Dada Almasi akasogeza kiti karibu, akalegeza sauti. "Dada yangu, hayo ni majaribu tu. Usikate tamaa sasa. Mwezi haujaisha. Ukichukua mzigo mwingine hata mdogo, hushuki cheo. Lakini tovuti iondoe leo hii. Makao makuu wakiiona watakufuta, na mimi nitakuwa nimepoteza mtu."

"Utakuwa umepoteza mtu," Mama Mafuta akarudia.

"Eeh. Na nakupenda."

Ofisi ya fundi wa tovuti ilikuwa juu ya duka la fotokopi. Alipanda kwa kushika ukuta, akipumzika kila pembe. Fundi alikuwa peke yake mbele ya kompyuta, feni imezimwa kuokoa umeme. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akainamisha kichwa.

"Mama, nikuambie ukweli? Kwa biashara yako, kile kitu hakikuwa na maana. Watu wako ni wa kushikwa mkono na kupakwa. Mtandaoni huko utapambana na makampuni makubwa. Wewe nani atakutafuta?"

"Amenitafuta mmoja."

Fundi hakujua acheke au asicheke.

"Mbona hukuniambia siku ile?" Mama Mafuta akauliza.

"Ulikuja na pesa mkononi. Na mwenye jengo alikuwa ameshafunga mlango wangu kwa kufuli lake, ananidai kodi." Alifungua ukurasa. Mama Mafuta akatokea kwenye kochi, akitabasamu. "Sasa nifute?"

"Imelipiwa mpaka lini?"

"Mpaka mwakani. Na pesa hairudi."

Mama Mafuta alijitazama pale kwenye kioo cha kompyuta. Mwanamke yule alikuwa amejipaka vizuri. Hakumwonea huruma wala hasira.

"Usifute," alisema. "Toa picha. Toa jina la kampuni. Halafu uandike ninayokuambia."

Fundi akafanya hivyo. Ukurasa ukabaki mweupe.

"Andika: Mafuta yangu, sabuni na shampuu, vyote viko stoo ya manispaa. Anayevitaka aende kitengo cha leseni amwulize bwana mwenye shati lililopigwa pasi. Nimemsugulia losheni leo mkono wa kulia, kwa hiyo mnuseni mkono mtamjua."

Vidole vya fundi vilisimama. "Mama, wakiona hii watarudi."

"Watachukua nini?"

Fundi akacheka, kicheko kifupi cha puani. Alipoona yeye hacheki, akaandika. Akayasoma kwa sauti, akasahihisha neno moja.

"Na bei? Watu huwa wanatafuta bei."

"Bei," alisema Mama Mafuta, akishika meza ili ainuke, "waulize wao."