Alama A ya Mguu wa Kushoto

Kamati ya mashindano ya soka ya wasichana ilikuwa na watu kumi na mmoja, idadi sawasawa na timu, ila hawa kazi yao ilikuwa kukaa. Mwikwabe aliwahesabu mwenyewe pale Bunda, siku ya nusu fainali: viti kumi na kimoja, turubai moja, maji ya chupa. Wachezaji walikunywa ya bomba.

Hakushangaa. Mtu aliyefiwa na mke kwa sababu gari la wagonjwa lilikwenda kumpokea mgeni rasmi, ashangae nini tena? Tangu Lukresia azikwe, miaka mitatu sasa, Mwikwabe alibaki kule Butiama na jozi ya maksai na binti mmoja, Matrida, miaka kumi na sita, winga ambaye mabeki walimjua kwa mgongo tu.

Siku hiyo alikuja dada mmoja anaitwa Naomi, mtaalamu wa viungo, kuwapima wasichana. Kazi yenyewe ilionekana ya kitoto: ruka kwa mguu mmoja, tua kwa huohuo, yeye anapima kwa futi kamba. Mguu wa kulia Matrida aliruka sentimita mia na hamsini. Wa kushoto, mia na kumi na saba, na alipotua goti liliingia ndani kama mlango uliolegea bawaba.

Naomi akamwita baba mtu pembeni.

"Shikamoo Mzee. Mguu wa kushoto umefika asilimia sabini na nane tu ya ule wa kulia. Tofauti ni kubwa, na goti limeanza kuvimba. Akigeuka ghafla kwenye mbio, linaweza kukatika ndani. Sisemi lazima, nasema hatari iko juu. Fainali asicheze. Afanye mazoezi wiki nane, atarudi."

"Marahaba. Ni viwanja vyao hivyo," Mwikwabe akadakia. "Mashimo matupu."

"Inawezekana. Nyumbani anafanya kazi gani?"

"Za kawaida tu. Anashikaga plau."

"Anatembeaje nyuma ya plau?"

Mwikwabe akavuta picha ya shamba. Akamwona Matrida nyuma ya maksai, misimu mitatu mfululizo: mguu wa kulia ndani ya mfereji, wa kushoto juu ya ardhi ngumu, uzito wote umelalia kulia, tangu alfajiri mpaka jua linachoma. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alikosa kiongozi wa kumlaumu.

Kiongozi alipatikana upesi, Mungu hamtupi mja wake. Jumamosi, Musoma, kabla ya fainali, mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Wanzagi, alivaa miwani akaisoma karatasi ya vipimo aliyoandika Naomi.

"Sabini na nane!" akasema. "Nani kasema mtoto ni mbovu? Hiyo ni A! Mimi mwenyewe shuleni sikuwahi kuifikia."

"Hilo tunaliona, Mheshimiwa," Mwikwabe akajibu.

Watu wakacheka. Wanzagi hakucheka. "Mzee, umesoma mpaka la ngapi?"

"La nne. Lakini maksai nimefunga miaka thelathini. Ukifunga mmoja mzima na mwenzake robo tatu, nira inalala, shingo inachubuka. Hiyo siyo alama ya mtihani. Mguu mmoja umeachwa nyuma na mwenzake."

"Mgeni rasmi ameshakaa. Tumemwahidi winga. Mtoto anacheza."

Mgeni rasmi. Mwikwabe aliyafahamu vizuri maneno hayo.

Matrida alikuwa chini, anafunga kamba za viatu. "Baba, usiniaibishe. Leo tu."

Mwikwabe akachutama kama anayemsaidia. Akafungua kamba za kiatu cha kushoto, akakichomoa, akakitia kwapani, akaanza kuondoka.

"Mzee! Hicho kiatu ni mali ya kamati!"

"Andikeni barua," akajibu bila kugeuka. "Si mnajuaga kuandika?"

Butiama walifungwa mbili moja. Mgeni rasmi akahutubia kuhusu kumwinua mtoto wa kike, hotuba ndefu kuliko kipindi cha kwanza. Matrida alirudi nyumbani na kandambili, na wiki nzima hakumsemesha baba yake.

Wiki ya tatu Mwikwabe alikuwa nyuma ya plau mwenyewe, kiuno kinalia. Pembeni ya shamba Matrida aliruka kwa mguu wa kushoto, kama karatasi ya Naomi ilivyoagiza.

"Baba, unalalia kulia."

"Nani?"

"Wewe. Simama wima."

"Hata shambani kuna kamati," akanung'unika, lakini akasimama wima. "Umeruka ngapi?"

"Mia na ishirini na moja. Ni kama asilimia themanini na moja."

"Mheshimiwa angekupa kombe," Mwikwabe akasema, akiwachapa maksai. "Ruka tena."