Umemeza, Toka!

Uvimbe ule Aryemo aliugundua mwenyewe, siku moja akifunga kifungo cha juu cha gauni la kanisani. Ulikuwa kama punje ya njugumawe, na kila alipomeza mate ulipanda na kushuka. Sasa alikuwa amelala chali katika kliniki moja ya Mengo, mto chini ya mabega, Daktari Nangila akimpitishia kifaa cha altrasaundi shingoni juu ya jeli baridi.

"Huu hapa, mama." Kwenye skrini kulikuwa na kiduara cheusi. "Ni mdogo, lakini kingo zake hazijanyooka, na ndani kuna vidoa vyeupe. Picha peke yake haiwezi kuniambia kama ni saratani. Nitachukua chembechembe kwa sindano nyembamba. Kazi yako ni moja tu: usimeze."

Sindano ikaingia. Aryemo akameza. Daktari akaichomoa upesi.

"Koo likipanda, napoteza shabaha. Chembe zisipotosha, hatutajua kitu."

Kwenye kiti cha pembeni kaka yake, Olal, polisi mstaafu, alishindwa kujizuia. "Umemeza! Toka!"

Nangila alishangaa. Aryemo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Hayo yalikuwa maneno ya kila jioni katika kota za askari magereza, Luzira, enzi za utoto wao. Baba yao alipopiga tarumbeta ya kushusha bendera, kila mtu alisimama palepale, hata mwenye ndoo kichwani, hata mwenye muwa mdomoni. Watoto wakaongeza sheria yao: mate hayamezwi mpaka tarumbeta inyamaze. Olal ndiye aliyekagua shingo, kwa Kiswahili cha gwaride. "Nyinyi yote simama! Wewe, umemeza! Toka!" Aliyetoka hakwenda na wenzake bandarini Port Bell kutazama mabehewa yakiingizwa kwenye feri. Aryemo alibaki nyumbani mara nyingi, mpaka alipojifunza kumfuata baba yake sauti kwa sauti, akiingoja ile ya mwisho, ndefu, iliyokwenda kupotelea ziwani. Akiifuata hiyo, mate aliyasahau.

"Afande," alimwambia kaka yake, "piga."

"Hapa hospitali?"

"Kwa mdomo. Kama mzee."

Olal alimtazama daktari, naye akaitikia kwa kichwa. Olal akaanza kuvumisha mlio wa tarumbeta polepole, akikwaruza palepale baba yao alipozoea kukwaruza. Kwenye skrini mstari mweupe wa sindano uliingia tena ndani ya kiduara. Aryemo hakuuona. Alikuwa akiitazama mishipa ya shingo ya baba yake, imetuna, na bendera ikishuka.

Pumzi za Olal ziliisha kabla ya mwisho. Daktari alikwisha kuchomoa sindano, na sasa alikuwa akipaka chembe kwenye vioo.

"Nimemeza?"

"Hapana," Olal alisema, akijifuta macho. "Leo nimemeza mimi."

Juma lililofuata Nangila aliwasomea majibu: chembe zilitosha, na hazikuwa na saratani. Uvimbe ungepigwa picha tena baada ya miezi kadhaa.

Nje, Olal aliuliza kama wanarudi nyumbani.

"Port Bell," Aryemo alisema.

"Kufanya nini?"

"Si sikumeza?"

Olal akamshika mkono, wakaenda.