Bwana Harusi na Kobe wa Dhahabu

Kila mwaka, baridi ikishaisha na joto likiwa bado halijaanza kuua watu, sisi wanaume watatu wenye akili timamu tulitoka Barstow kwenda Las Vegas kuzipeleka pensheni zetu zikapumzike. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja kwenye karakana ya reli, tukitengeneza injini za treni, na tulipostaafu tuliona ni ujinga kukaa nyumbani tukitazama ukuta ilhali kuna mji mzima uliojengwa jangwani kwa ajili ya kutupokea.

Dereva alikuwa Chuy Barragan, kwa sababu gari lilikuwa lake. Kiti cha mbele alikaa Virgil Tackett, kwa sababu ya goti lake. Nyuma nilikaa mimi, pamoja na sanduku la barafu na vitabu vyangu. Mimi ndiye niliyesoma. Nasema hivyo bila majivuno, ni taarifa tu. Wenzangu walipokuwa wakienda kunywa bia baada ya zamu, mimi nilikuwa kwenye darasa la jioni, nikinuka grisi, nikijifunza hesabu za uwezekano kwa mwalimu aliyekuwa mdogo kuliko mwanangu. Nilipata alama za juu. Cheti kimetundikwa jikoni, juu ya jokofu, mahali ambapo yeyote anayetafuta maziwa hana budi kukiona. Tangu hapo wenzangu wakaniita Profesa, na mpaka leo wanadhani wananidhihaki.

Safari zile zilikuwa na mengi ya kukumbukwa. Kuna mwaka kiyoyozi cha gari kilikufa tukikaribia Baker, pale penye kipimajoto kirefu kuliko jengo lolote la mji ule, kilichosimamishwa ili msafiri anayeungua apate kuarifiwa rasmi kwamba anaungua. Kuna mwaka Chuy alikula kaa kwenye meza ya kujipakulia kwa nia ya kurudisha tumboni kila alichopoteza kwenye karata, na alikaribia kufanikiwa, mpaka tumbo lenyewe lilipojitoa kwenye mpango. Na kila mwaka, bila kukosa, Virgil aliketi mbele ya mashine ya kamari, akaiwekea mkono kama mganga wa mifugo, akatangaza, "Hii imeiva. Naisikia."

Kila mwaka nami nilimweleza, kwa upole wa mtu aliyeelimika, kwamba mashine haina kumbukumbu. Haijui imekula za nani wala lini. Kusema mashine imeiva, eti iko karibu kulipa, ni sawa na kusema sarafu imechoka.

"Profesa," angenijibu bila kugeuka, "hivi wewe hukuwahi kukaa na injini ukaijua tabia yake?"

"Injini ina tabia. Hii ina hesabu."

"Basi kahesabie kule. Unaipa mkosi."

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule ambao Virgil alikwenda kuoa. Alikuwa anamwoa Verna, mwanamke ambaye alishawahi kumwoa. Waliishi pamoja, wakalea binti, kisha Verna akafunga virago, akahamia kwa dada yake huko Henderson, kando tu ya Las Vegas. Kazi yake maisha yote ilikuwa kuongoza mabasi ya shule. Alikaa na redio mezani, akiyaambia mabasi yawe wapi na saa ngapi, na yote yalitii. Aliyemshinda ni mume wake peke yake. Virgil alichelewa mahafali ya binti yao. Alichelewa mazishi ya mama mkwe, akafika watu wanakula. Mara zote alikuwa mbele ya mashine, na mara zote alipopigiwa simu alitoa jibu lile lile: "Nakuja, imebaki kidogo."

"Sikumwacha kwa sababu ya pesa," Verna aliwahi kuniambia. "Pesa tulizipoteza kistaarabu, kama watu wengine. Nilimwacha kwa sababu ya hiyo 'imebaki kidogo'."

Virgil akabaki peke yake, akila supu ya kopo amesimama kwenye sinki, kwa sababu, alisema, kuketi mezani peke yake kunamfanya asikie saa ya ukutani. Mwaka mzima hakugusa mashine. Akaanza kumpigia Verna simu kila Jumapili, naye akaanza kupokea. Hatimaye Verna akakubali, kwa sharti moja. Ndoa ingefungwa saa tano asubuhi, kwenye kanisa dogo la ndoa lililo mtaa wa pili kutoka hoteli tuliyozoea kulala.

"Ukichelewa sitagomba," alimwambia. "Nitarudi Henderson nikamwagilie maua, na Jumapili usinipigie."

Njiani, tulipoipita Baker, Virgil aligeuka akaniangalia kule nyuma. Alikuwa amenyoa hadi masikio.

"Profesa, safari hii nikiharibu, sina nyingine."

"Huwezi kuharibu," nikamwambia. "Uko na mimi."

Hoteli yetu iliitwa Nyumbu Mweupe. Virgil alipewa chumba cha bure, ubure alioulipia kwa miaka mingi kwa njia ya mashine. Aliyeichora hoteli ile hakuwa mjinga. Ukitoka kwenye lifti ukitaka kufika mlango wa barabarani, lazima uyapite mashamba yote ya mashine, yenye taa na muziki, na hakuna saa hata moja ukutani. Ndiyo maana asubuhi ya harusi tuligawana kazi. Chuy alitangulia kanisani na maua ili akae na bibi harusi. Kazi ya kumfikisha bwana harusi nilipewa mimi, kwa sababu ya elimu yangu.

Tulishuka mapema sana. Virgil alivaa suti ya kijivu na ua kifuani, akitembea katikati ya mashine kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu dukani. Tulikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni nilipojipapasa mfukoni nikagundua kwamba hotuba yangu ya msimamizi wa harusi nimeiacha chumbani. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Nikamwambia Virgil asimame hapo hapo.

Niliporudi, alikuwa ameketi.

Mashine yenyewe iliitwa Kobe wa Dhahabu. Kadi ya Virgil ya uanachama, ile inayomhesabia michezo ili apewe vyumba vya bure, ilikuwa imeshachomekwa ndani yake, na kutoka kwenye kadi kulitoka ile kamba ya plastiki iliyojisokota kama waya wa simu za zamani, ikaishia kwenye klipu iliyobana mkanda wake wa suruali. Bwana harusi alikuwa amefungwa pale kama mbuzi wa sikukuu.

"Virgil!"

"Nilikuwa nakusubiri, bwana. Goti. Hiki ndicho kiti kilichokuwa wazi."

"Viti vyote viko wazi. Ni asubuhi."

"Nimeweka noti moja tu, ya kupitishia muda."

Nilimshika bega nimwinue, na hapo ndipo macho yangu yakatua kwenye kibao kidogo juu ya mashine. Watu hawasomi vibao. Mimi nasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye chupa ya sabuni. Kibao kilisema donge kuu la mashine ile, yaani zawadi yake kubwa kuliko zote, lazima litoke kabla halijafika dola elfu mbili. Lazima. Nikainua macho kwenye tarakimu nyekundu zilizokuwa zikipanda kwa senti kila Virgil alipobonyeza. Elfu mbili ilikuwa inachungulia.

Mtu ambaye hakusoma asingeona kitu. Mimi niliona. Mashine za kawaida hazina kumbukumbu, hilo nililisema miaka yote na nalisimamia. Lakini hii ilikuwa na ukomo. Kila senti iliyoongezeka ilimsogeza mchezaji karibu na ushindi, kwa uhakika wa kihesabu. Nikamweleza Virgil jambo hilo kwa ukamilifu, kwa sababu sijawahi kumficha mtu maarifa.

Virgil aliacha kubonyeza. Akanitazama, midomo ikimcheza.

"Kwa hiyo imeiva."

"Kwa lugha yako, ndiyo. Kwa lugha sahihi ni kwamba..."

"Profesa! Miaka yote hii! Leo ndiyo unasema imeiva?"

"Nimesema hii moja."

Akarudi kubonyeza, sasa kwa baraka za elimu ya juu. Nyuma yetu kikasimama kigari cha umeme chenye bibi mzee sana, aliyevaa kofia ya kuzuia jua ndani ya nyumba, akimumunya pipi.

"Mnaondoka, wanangu?"

"Hatuondoki, mama," nikamwambia.

"Nimeuliza tu." Akakizima kigari chake na kutulia, kwa subira ya mtu ambaye naye anasoma vibao.

Tulikaa hivyo mpaka simu yangu ikalia, saa tano ikiwa imeshafika. Alikuwa Chuy.

"Mko wapi, wazee? Padri wa hapa kavaa kofia ya wachunga ng'ombe na anaangalia saa. Wanandoa wa nyuma yetu wameshaanza kupiga picha kwenye nafasi yetu!"

"Mwambie Verna kuna jambo la kitaalamu."

"La nini?"

"La kitaalamu. Dakika chache."

"Mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia mwanamke mwenye shada la maua eti kuna jambo la kitaalamu." Akakata.

Virgil alikuwa anatokwa jasho. Mkono mmoja ulibonyeza, mwingine ulishika ua kifuani. "Profesa, kaa wewe. Kaa hapa ubonyeze, mimi nikimbie. Tutagawana."

Lilikuwa wazo lenye mantiki, nakiri. Lakini mimi sijawahi kucheza kamari maishani. Nimekuja Las Vegas miaka yote hiyo kama mtazamaji, na watu wengi hawawezi kusema hivyo.

"Unajua msimamo wangu," nikamwambia.

"Msimamo! Ndoa yangu inaondoka!"

"Ndiyo maana nakushauri uongeze kasi."

"Mkimaliza kugombana," alisema yule bibi, "kiti changu kitakuwa kimepoa."

Kisha nikaona Virgil ameganda, kidole hewani. Nikageuka. Verna alikuwa anakuja katikati ya mashine, gauni lake rangi ya pichi, na nyuma yake Chuy, akilibeba shada la maua mbali na mwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto aliyejikojolea. Verna hakuwa na haraka. Alisimama, akamtazama Virgil, akaitazama ile kamba, akaifuata kwa macho kutoka mkanda wa suruali hadi kwenye mashine.

"Verna," Virgil akaanza, "ime..."

Sote tulijua maneno yanayofuata. Hata yule bibi aliacha kumumunya.

"Verna," nikaingilia kati, "tatizo ni kwamba mashine hii kihesabu inalazimika..."

"Delmar," akasema, na ndiyo mara pekee asubuhi ile mtu kunitaja kwa jina langu, "umesoma sana. Nyamaza."

Akamgeukia Virgil.

"Virgil, mimi sikuja kukutoa. Nilitaka tu kuona safari hii ni kitu gani, nisije nikakusingizia." Akazitazama zile tarakimu nyekundu, akatikisa kichwa taratibu kama anayekubali kwamba kweli zinavutia. "Basi. Gari langu liko mlangoni. Likitoka, limetoka."

Akageuka akaanza kwenda.

Virgil aliziangalia tarakimu. Akauangalia mgongo wa Verna. Namjua mtu huyu toka tulipokuwa tunalala chini ya injini moja tukipasiana spana, na sijapata kumwona akitaka vitu viwili kwa uso mmoja namna ile. Akasimama. Kamba ikamvuta kiunoni, ikamrudisha nusu kwenye kiti. Alikuwa amesahau kwamba amefungwa.

"Chomoa kadi!" Chuy akapiga kelele.

Virgil hakuchomoa kadi. Aliifungua ile klipu kwenye mkanda, akaiacha kamba ining'inie kwenye mashine pamoja na kadi yake na vyumba vyote vya bure vya baadaye, akaondoka akichechemea na goti lake, akiita, "Verna! Verna, mama, ningoje!"

Bibi wa kigari aliingia kwenye kiti kabla hakijajua kama kimeachwa.

Tulimfikia Verna karibu na mlango. Hakusimama, ila alipunguza mwendo, na Virgil akaingia ubavuni pake akihema. Mlango ule ulikuwa wa vioo vyeusi, na ndani yake tulijiona wote wanne tukija. Hapo ndipo kengele zilipolia nyuma yetu. Kengele, tarumbeta, na sauti ya yule bibi ikimshukuru Mungu kwa jina na sifa zake zote.

Verna hakuangalia nyuma. Alikuwa anaangalia kwenye kioo, moja kwa moja kwenye shingo ya Virgil. Mshipa ulikuwa umesimama, sikio limekuwa jekundu kama pilipili, na shingo yote ilitetemeka kama boriti iliyobebeshwa mzigo. Lakini ilibaki imenyooka.

"Umesikia?" Verna akauliza.

"Nimesikia."

"Na?"

Virgil alinyoosha kidole kuelekea barabarani. "Kanisa lile pale," akasema. "Imebaki kidogo."

Verna alicheka mpaka ikabidi amshike mkono ili asianguke, na hakuuachia.

Aliyegeuka ni mimi. Niligeuka kwa sababu za kitaaluma tu, ili nithibitishe kiwango ambacho donge lilitoka, na nikiwa bado natembea nimeangalia nyuma nikaugonga mlango wa kioo kwa paji la uso. Kwenye picha ya harusi, iliyopigwa baada ya kuwasubiri wanandoa wengine wawili, Virgil anacheka, Verna anacheka, Chuy anacheka, padri kashika kofia yake, na mwenye plasta usoni ni mimi. Hotuba waliomba niifupishe. Hata hivyo hesabu ilikuwa sahihi.